Upande wa Njia

Mwalimu Asteria alipokwenda likizo ya uzazi, mkuu wa shule alinikabidhi vipindi vyake vya stadi za maisha kwa maneno machache: "Mwalimu Benjamini, wewe ni mtu mzima, watakusikiliza." Sikumwuliza watasikiliza nini. Nimefundisha Kiswahili na kusimamia nidhamu tangu baadhi ya walimu wenzangu hawajazaliwa, na najua kwamba mtu akianza kukusifia utu uzima wako, amekwisha kukuongezea mzigo. Nikafungua kitabu cha mwongozo mahali alipoishia Mwalimu Asteria. Mada iliyofuata ilikuwa kueleza hisia: mvuto, upendo na ahadi. Nikakifunga.

Mimi nimelelewa na shule ya bweni ya wavulana pekee, enzi ambazo suruali ilinyooshwa kwa kulazwa chini ya godoro na kengele ya alfajiri haikurudiwa. Naionea fahari shule ile mpaka leo. Lakini kuhusu mapenzi ilikuwa na somo moja tu. Mvulana aliyeonekana amesimama na msichana penye uzio alipewa jembe na kuoneshwa kisiki, na alipomaliza kuking'oa, hamu ya kusimama penye uzio ilikuwa imekwisha. Ulikuwa utaratibu ulionyooka, na ndoa nyingi imara zimejengwa na watu walioupitia. Mke wangu, Euphrasia, ana maoni tofauti. Anasema nilimposa kama mtu anayesoma tangazo la ofisi ya kata.

Shule yetu si ya bweni. Ni shule ya kata, nje kidogo ya Runzewe, na wanafunzi wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba mjini, vile wanavyoviita mageto, wakijipikia na kujilinda wenyewe katika mji ambao karasha za kusaga mawe ya dhahabu zinanguruma mpaka jioni na kila mgeni anatembea na ndoto mfukoni. Ukitaka kujua uchovu ni nini, kuwa mwalimu wa nidhamu wa watoto wasio na uzio.

Basi niliingia kidato cha tatu, nikaandika mada ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, nikawageukia.

"Mtu akimpenda mtu," nikauliza, "anamwelezaje?"

Darasa likacheka kama lililotekenywa. Nikangoja. Kungoja ni kazi ninayoiweza.

"Unamwambia duara limetema, Mwalimu!" akasema mmoja nyuma. Duara ni shimo la dhahabu, na likitema maana yake mmiliki amepata.

"Unamtumia bando," akasema Suzana, bila kuinua macho.

Bujiku, kijana mwenye mabega mapana na sauti inayotangulia akili yake, alisimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, mnatupotezea muda. Unamzibia njia tu. Akikosa pa kupita, atasema ndiyo."

Walicheka mpaka madawati yakagonga sakafu. Kabla sijamkalisha, mkono ulinyooshwa upande wa dirishani. Alikuwa Limi, binti mwembamba wa mfugaji mmoja wa kijiji cha mbali kidogo, anayeongoza darasa katika insha na ambaye kwa kawaida huuliza maswali ya viambishi.

"Mwalimu, msichana akizungukwa na wavulana, akaambiwa achague, akachagua. Je, amechagua?"

"Amechagua!" Bujiku akadakia. "Si angenyamaza?"

Darasa likacheka tena. Limi hakucheka. Mwingine ambaye hakucheka ni Nkwabi, kijana mtulivu kutoka Chato, anayekaa dawati la mwisho na ambaye sikuwahi kumwandikia kosa lolote. Alikuwa anautazama mgongo wa Limi kwa utulivu wa mtu anayetazama mali yake. Kengele ikalia.

Limi alinifuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Baba kapiga simu. Anasema nifunge vitu vyangu, Jumamosi nirudi nyumbani."

"Kuna msiba?"

"Kuna mchumba."

Nikavua miwani. Akanieleza, akiwa amesimama, kwa sentensi fupi zilizonyooka kama insha zake. Alikuwa anatoka gulioni na unga wake. Vijana wanne wa darasa lake walimkuta kwenye njia nyembamba ya mashambani, wakaiziba, wakaanza kumwimbia: "Chagulaga, mayu, chagulaga!" Chagua, mama, chagua. Nani hajui chagulaga huku kwetu? Ni desturi ya zamani ya Wasukuma. Vijana humzunguka msichana, humwomba amchague mmoja wao, naye akimnyooshea kidole mmoja, wengine huondoka na aliyenyooshewa hubaki naye. Wapo wanaoisifu kwamba inampa msichana uamuzi. Mimi sijawahi kuisifu. Uamuzi usio na mlango wa kutokea ni chumba tu.

"Nilidhani ni utani," Limi akasema. "Kisha jua likawa linazama, na hawaondoki. Nikamnyooshea kidole Nkwabi. Wengine wakapiga vigelegele, wakaondoka. Mimi nikaenda zangu."

"Na Nkwabi?"

"Tangu siku ile kila asubuhi nakuta ndoo ya maji mlangoni. Sikumwomba. Nikimrudishia, anaileta tena. Sasa mjomba wake, yule Mageni mwenye duara, kaenda kwa baba kusema nimechagua." Akatazama mlangoni. "Baba kasema msichana aliyechagua haishi geto. Nikirudi nyumbani, Mwalimu, sitoki tena. Dada yangu alirudi hivyohivyo kungoja maneno ya wakubwa yaishe. Sasa ana watoto."

Wale vijana wanne walistahili visiki, na visiki walipata, mmoja mmoja, vya mwarobaini. Lakini nilipowasimamia wakichimba sikuona kwamba kisiki kinajibu swali la Limi. Kwa hiyo Nkwabi alipomaliza cha kwake nilimwita peke yake.

"Alinichagua, Mwalimu," alisema mara moja, viganja vyake vikiwa vimechubuka. "Wenzangu waliona. Nami sikufanya mchezo. Nimeacha mpira. Nachota maji kabla sijaja shule. Nimemwambia mjomba ili mambo yaende kwa heshima, kwa wazazi."

Haya ndiyo yaliyonichosha kuliko yote. Bujiku ningejua la kumfanya. Huyu alikuwa anafanya kila kitu ambacho kitabu cha mwongozo kinakiita ahadi, na alikuwa anakifanya juu ya msingi usiokuwepo.

"Ulimwambia unampenda?"

Akatazama chini.

"Ulimwuliza kama anakutaka?"

"Mtu akishachaguliwa anauliza nini tena, Mwalimu?"

Nikavuta boksi la chaki. Kila kesi ya nidhamu naichunguza hivyo, iwe ya ugomvi au ya wizi wa sufuria: nani alisimama wapi. Nikalaza rula mezani, nikamwambia rula ni ile njia, apange chaki walivyosimama. Akapanga kwa uangalifu. Chaki tatu, Bujiku na wenzake, akazilaza juu ya rula, zimeiziba. Ya nne akaiweka pembeni, penye ncha ya rula, ambapo palibaki upenyo.

"Hiyo ni nani?"

"Mimi. Sikupenda kumkaribia sana. Niliona aibu."

Kisha akainyamazia ile chaki. Nikaona macho yake yakienda kutoka kwenye upenyo hadi kwenye chaki, yakarudi kwenye upenyo. Mwalimu anayesema wakati huo anajipendelea mwenyewe.

"Naweza kwenda, Mwalimu?"

"Nenda."

Jumamosi nilifuatana na Limi kwenda kwao, kwa miguu, kupitia mashamba ya pamba iliyokuwa imeanza kupasuka. Alikuwa amebeba begi lake kichwani, lile aliloambiwa arudi nalo. Tulipofika, pikipiki ya Mageni ilikuwa imeegeshwa uani, na mwenyewe ameketi amenyoosha miguu, buti zake zimejaa udongo mwekundu wa shimoni. Nkwabi alikuwa amekaa nyuma yake juu ya kinu kilicholazwa. Baba Limi, Mzee Ngusa, alinipa kiti cha plastiki, yeye akakaa kwenye kigoda. Mama Limi alipiga goti kunisalimu, akatuletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, kisha akaketi kwenye mkeka kando yetu, akaendelea kuchambua pamba yake.

"Mwadeela, Mwalimu," akasema Mzee Ngusa.

"Mwadeela, baba."

"Mwalimu kaja na fimbo au kaja na vitabu?" akauliza Mageni.

"Nimekuja na sheria," nikasema. "Mwanafunzi haolewi. Anayeoa na anayeozesha, wote wanakwenda jela."

Mageni akacheka kwa raha. "Nani kaoa hapa? Mimi nikiona mwamba mzuri, sichimbi siku hiyohiyo. Naweka bikoni, watu wajue ploti ina mwenyewe. Binti asome mpaka achoke. Sisi tunaweka bikoni tu."

"Binti si ploti."

"Ni namna ya kusema, Mwalimu. Nyie watu wa vitabu hamjui utani."

Mzee Ngusa aliinua mkono kidogo, na Mageni akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya, Mzee Ngusa. Ningemwona mbaya, siku ile ingekuwa nyepesi. "Mwalimu, mimi simkatazi mwanangu shule," alisema taratibu. "Lakini kachagua. Sasa nimwache peke yake kwenye chumba cha kupanga, mji wa wachimbaji, huku ana mtu? Watu wataninong'ona. Atakaa hapa mpaka wakubwa tumalize maneno."

"Na maneno yataisha lini?"

"Maneno ya ng'ombe hayana haraka."

Limi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba, begi bado kichwani. Hakulishusha.

"Na kama hakuchagua?" nikasema.

"Alinyoosha kidole mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono." Mzee Ngusa alitabasamu kwa mara ya kwanza, akamwelekezea kidevu mkewe. "Hata huyu mama yake alinichagua hivyohivyo. Njia ya mnadani, tulikuwa kundi zima, wengine wana baiskeli mpya. Akaninyooshea mimi. Mpaka leo sijamwuliza swali jingine. Jibu ninalo."

Mama Limi aliendelea kuchambua pamba.

Sikuwa na sheria nyingine. Nilikuwa nimechoka, na magoti yalikuwa yananiuma, na katika ua ule mtu mmoja tu alikuwa na neno ambalo Mzee Ngusa angelisikia. Nikageuka kwenye kinu.

"Nkwabi. Wewe ndiwe uliyenyooshewa kidole. Waeleze wazazi ilivyokuwa."

"Sema, mwanaume," Mageni akamwambia bila kugeuka. "Alikunyooshea au hakukunyooshea?"

Nkwabi akasimama. Shati lake lilikuwa la shule, na lilikuwa limenyooshwa. Nikajua lililala chini ya godoro. "Alininyooshea mimi," akasema.

Mageni akajipiga paja. "Haya! Mwalimu, kula matobolwa, tumemaliza."

"Lakini wenzangu walikuwa katikati ya njia." Sauti ya kijana ilikuwa inapanda na kushuka bila mwenyewe kutaka. "Wameiziba. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni, penye upenyo. Ndiyo maana alininyooshea mimi. Nilisogea, akapita. Hakugeuka nyuma." Akamgeukia Mzee Ngusa. "Hakunichagua, baba. Alikuwa anataka kupita."

Kuku walisikika wakiparua.

Mageni aligeuka taratibu. "Unasema nini wewe?"

"Nasema ilivyokuwa, mjomba."

"Nimekulipia chumba, nimekuvisha viatu vizuri kuja kwa watu, unanivua nguo mbele yao?" Alisimama, akakung'uta suruali. "Kodi ya chumba sasa utalipiwa na ukweli wako. Ukishindwa, duarani kuna nafasi ya kuvuta kamba." Hakuaga. Pikipiki iliwaka kwa hasira na kutimua vumbi, ikaondoka na kiti cha nyuma kitupu.

Mzee Ngusa aliangalia vumbi likitua. "Maneno ya mtoto," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Ukingoni, katikati, ndiyo nini? Kidole ni kidole. Ingekuwa hivyo, basi kila mwanamke..."

"Na wewe ulikuwa umesimama ukingoni, Baba Limi," mkewe akasema.

Hakuinua kichwa. Alilisema bila uchungu, kama mtu anayekumbusha kwamba mbuzi hawajanyweshwa.

"Mimi?"

"Wewe. Wenye baiskeli walikuwa wameziba njia kwa baiskeli zao. Wewe hukuwa nayo."

Nilitamani kuwa mahali pengine. Mzee Ngusa aliitazama fimbo yake ya kuchungia kuanzia juu hadi chini, kama aliyeazimwa siku hiyo.

"Kwa hiyo hukunichagua."

"Nilikuwa nataka kufika nyumbani. Mama alikuwa mgonjwa."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikaa. Nimekaa mpaka leo." Akatoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa. "Lakini hukuwahi kuniuliza."

Limi, pale kizingitini, alikuwa anamtazama mama yake kama mtu aliyemwona leo. Kisha Mzee Ngusa akasafisha koo lake.

"Mwalimu, rudi na mtoto. Jumatatu ni siku ya shule."

Nikamshukuru. Alinipungia mkono kwamba yatosha. Tulipokuwa tunaipita miti ya mirumba ya uzio wa ng'ombe nilimsikia nyuma yetu, kwa sauti ya chini ambayo hakudhani ingefika mbali: "Sasa nikikuuliza leo, Mama Limi?"

"Ngoja kwanza wageni waondoke," mkewe akajibu.

Tukaishika njia ya kurudi, Limi mbele na begi lake, mimi katikati, Nkwabi nyuma. Nilikuwa nafikiria chumba cha stoo nyumbani kwangu, na maneno nitakayomwambia Euphrasia kuhusu mgeni atakayelala humo, na maneno ambayo yeye ataniambia mimi. Jua lilikuwa kali bado. Tulipofika katikati ya mashamba kijana akanikaribia.

"Mwalimu."

"Naam."

"Sasa sina chochote kwake, au siyo?"

"Huna."

"Basi naweza kumwambia? Kwamba nampenda. Sikuwahi kumwambia." Akafikiri. "Mwongozo unasemaje?"

Mwongozo unasema mambo mengi, kwa vichwa vya habari vilivyokolezwa. Shule yangu ingempa jembe. Nilisimama, nikaegemea goti, nikatafuta katika yote niliyofundishwa kwa fahari kubwa neno moja la kumpa kijana yule, nikakuta nililo nalo ni lile aliloniwekea yeye mwenyewe mezani kwa chaki.

"Kwanza ondoka njiani," nikamwambia. "Uondoke kabisa. Akitaka kwenda, aende. Akitaka kurudi, arudi. Halafu ndipo useme."

Akaitazama njia. Kisha akaingia kwenye pamba, akatembea mistari kadhaa ndani, mbali kuliko ilivyohitajika, mpaka vitumba vilivyopasuka vikamfika mapajani. Mimi nami nikasogea pembeni.

"Limi!"

Limi akageuka. Mbele yake njia ilikuwa nyeupe na tupu, na nyuma yake pia.

"Nakupenda," Nkwabi akasema, na sauti ikamkatikia katikati ya neno. Akalirudia kwa lugha ya kwao, ambamo lilimtoka zima: "Nakutogilwe. Si lazima unijibu."

Limi alisimama, mkono mmoja umeshika begi kichwani. Alimtazama kwa muda, bila haraka, kwa jinsi anavyolitazama swali la mtihani kabla ya kugusa kalamu. Nikaona kwamba hakuwa anaangalia pa kupita.

"Nimekusikia," akasema. "Na maji nitachota mwenyewe."

Akageuka, akaendelea na safari kwa mwendo uleule.

Nkwabi alibaki amesimama ndani ya weupe wa pamba, mikono imening'inia. Nilidhani atalia. Alikuwa anafikiri.

"Mwalimu, hilo ni jibu?"

"Ni jibu."

"Lina maana gani?"

Nikapangusa miwani, nikaivaa. Mji ulikuwa bado mbali.

"Lina maana utoke kwenye pamba ya watu," nikasema. "Twende."